Skana imesema njia ya sevisi haina alama za nukuu: niogope au nipuuze?

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo: "Mkuu habari. Nasimamia seva tisa za Windows kazini. Juzi tumeskani, ripoti imerudi na sevisi 14 ambazo njia zake hazina alama za nukuu, zote zimepakwa nyekundu. Bosi anasema hiyo ni kelele, manake huwezi kuitumia bila kuwa tayari umeshaingia ndani ya seva. Mwenzangu anasema tuandike skripti moja iweke nukuu kote tufunge tiketi. Mimi naogopa vyote viwili, kupuuza na kuharibu. Nifanyeje?"

Salama ndugu yangu. Unaogopa sawasawa, na nakwambia mapema ninachoamini ili usome mengine ukijua naelekea wapi. Hizo alama za nukuu ni kipande kidogo cha tatizo. Kwa kila sevisi kati ya hizo 14, yaani programu inayokimbia yenyewe chinichini, uliza hivi: nani anaweza kuandika kitu kwenye njia (anwani ya folda hadi faili) ambayo akaunti yenye nguvu inaenda kuchukua programu ya kuendesha? Ukishalijibu hilo utajua zipi za kukimbilia leo na zipi zinaweza kusubiri, na nina wasiwasi utakuta nyingine ambazo skana haijazitaja kabisa na ndo mbaya kuliko zote.

Tuanze na Windows inavyosoma. Sevisi inawashwa na services.exe, ambayo inaenda kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, inafungua ufunguo wa sevisi husika na kusoma thamani inayoitwa ImagePath. Hapo ndipo imeandikwa programu iko wapi na inapewa maagizo gani. Huo mstari unapelekwa kwa CreateProcess, sehemu ya Windows inayowasha programu, na kama una nafasi katikati na haujafungwa na nukuu, CreateProcess haiwezi kujua jina la programu linaishia wapi na maagizo yanaanzia wapi, kwa hiyo inakisia, kutoka kushoto kwenda kulia, kila ikikuta nafasi inajaribu kwamba labda jina limeishia hapo. Chukua mfano huu:

D:\Mifumo Yetu\Ajenti wa Bakapu\huduma.exe

Bila nukuu, Windows itajaribu kwanza D:\Mifumo.exe. Haipo? Inajaribu D:\Mifumo Yetu\Ajenti.exe. Haipo? D:\Mifumo Yetu\Ajenti wa.exe. Haipo? Sasa ndo inafika kwenye D:\Mifumo Yetu\Ajenti wa Bakapu\huduma.exe. Miaka yote sevisi inawaka vizuri kwa sababu zile tatu za mwanzo hazipo, na hakuna anayejua kwamba kila sevisi ikiwashwa seva inaulizia mafaili matatu ambayo haijawahi kuyakuta. Siku mtu akiweka Ajenti.exe pale kwenye folda ya kati, linaendeshwa lile lake, kwa nguvu za akaunti ya sevisi, na mara nyingi akaunti hiyo ni LocalSystem, yenye nguvu kuliko zote kwenye mashine. Hapo yuza wa kawaida ameshajipandisha cheo hadi juu kabisa.

Hii tabia sio siri wala sio kosa jipya, Microsoft wenyewe wameieleza kwenye maelezo ya CreateProcess pamoja na mfano wa mpangilio huo huo. Na udhaifu unaotokana nayo una umri mkubwa. CVE-2000-1128 (CVE ni namba za kusajili udhaifu unaojulikana) ilihusu McAfee VirusScan 4.5, yaani programu ya kulinda kompyuta, ambayo ImagePath yake haikuwa na nukuu na mtu aliweza kuweka common.exe ndani ya C:\Program Files, kwa sababu njia ilipita kwenye "Common Files". Leo aina hii ya kosa ina namba yake, CWE-428, na kwenye orodha ya mbinu za washambuliaji ya MITRE ATT&CK ni T1574.009. Kama uliwahi kuona Windows inakwambia ukiingia kwamba kuna faili au folda inaitwa C:\Program na ni vizuri uibadilishe jina iwe Program1, basi ujue ni ukisiaji huu huu uliokuwa unaitia hofu.

Sasa hoja ya bosi. Ni kweli, hii ni hatua ya mtu ambaye tayari yuko ndani. Lakini mwulize, ndani ni akina nani? Kuna wafanyakazi wanaoingia kwa rimoti kutumia mfumo. Kuna akaunti ya tovuti au programu iliyopo kwenye seva hiyo, ambayo ikivunjwa kupitia intaneti mshambuliaji anatua na nguvu za akaunti hiyo dhaifu, hawezi kusoma paswedi wala kuzima antivairasi wala kuruka kwenda seva nyingine. Kuna mkandarasi mliyempa akaunti mwaka jana na hamkuifunga. Kwa hawa wote, tofauti kati ya kero ndogo na msiba ni kama wanaweza kupanda kutoka walipo hadi LocalSystem, manake akishafika huko anasoma siri zilizoko kwenye kumbukumbu ya mashine, zikiwemo za admini aliyeingia pale asubuhi, na anatumia akaunti ya mashine kuzungumza na domeni nzima, yaani kompyuta zote za kazini zinazosimamiwa pamoja. Kusema "lazima awe ndani kwanza" ni sawa na kusema mlango wa chumba cha pesa usifungwe kwa sababu geti lina mlinzi.

Na kuna hoja nyingine huwa inafuata, kwamba yuza wa kawaida hana ruhusa ya kuzima na kuwasha sevisi kwa hiyo hata akiweka faili lake halitaendeshwa. Hana haja. Anaweka, anasubiri. Kila mwezi mnaweka viraka na kuwasha seva upya, sevisi nyingi ziko kwenye hali ya kujiwasha zenyewe, kwa hiyo nyie wenyewe ndo mnaomwendeshea.

Ila bosi ana haki mahali pamoja, na ni pakubwa, kwa hiyo usiende kubishana naye kabla hujakagua. Kama sevisi iko ndani ya C:\Program Files na hakuna aliyechezea ruhusa, yuza wa kawaida hawezi kuandika humo, anaweza kusoma na kuendesha tu. Na kwenye mzizi wa C:\ hawezi kuweka faili, kwa hiyo C:\Program.exe inamshinda. Kwa hiyo katika 14 zako inawezekana nyingi haziwezi kutumika leo hii, skana imeona maandishi tu, haijapima ruhusa. Zirekebishe hata hivyo, kazi ni ndogo na ruhusa za leo sio lazima ziwe za kesho, ila hizo sio za kukuamsha usiku.

Za kukuamsha ni zile zilizoko nje ya Program Files, na hapa naomba tukae kidogo, manake watu wengi hawajawahi kuisoma hii kwa utulivu. Fungua kidirisha cha amri kwenye seva yako uandike icacls C:\ (amri ya kuonyesha ruhusa) halafu angalia. Kwenye Windows Server ambayo haijaguswa, pamoja na mistari ya Administrators na SYSTEM, utakuta mistari miwili inayofanana na hii:

BUILTIN\Users:(CI)(AD)
BUILTIN\Users:(CI)(IO)(WD)

AD kwenye folda maana yake unaweza kuunda folda ndani yake. WD maana yake unaweza kuunda faili ndani yake. CI ni kwamba ruhusa inarithiwa na folda za chini, na IO ni kwamba haifanyi kazi hapa juu, ni kwa warithi tu. Sasa unganisha. Kwenye mzizi wenyewe yuza anaweza kuunda folda lakini hawezi kuweka faili. Ila kwenye folda yoyote iliyozaliwa chini ya mzizi na ikarithi, anaweza kuweka faili. Diski za pili, D: na E:, mara nyingi zina mpangilio wa namna hiyo pia, na huko ndiko tunakopenda kuinstoli mifumo mikubwa ili C: isijae.

Rudi kwenye mfano wetu. D:\Mifumo.exe? Hawezi, ni mzizi. D:\Mifumo Yetu\Ajenti.exe? Anaweza, moja kwa moja, hana haja ya kuvunja chochote. Hawezi kuligusa huduma.exe lililopo kwa sababu hakupewa ruhusa ya kubadilisha mafaili ya wengine, anaruhusiwa tu kuongeza faili jipya pembeni, na kosa la nukuu linahitaji hicho tu, faili jipya pembeni. Halafu kuna mstari wa CREATOR OWNER unaompa mamlaka kamili juu ya faili alilounda yeye, kwa hiyo anaweza kulibadilisha na kulifuta baadaye akimaliza kazi yake. Hapo hakuna aliyekosea ruhusa, ni mipangilio ya kawaida kabisa iliyokutana na mstari mmoja usio na nukuu.

Kwenye Windows za mezani, kama 10 na 11, hali ni mbaya zaidi, manake kinachorithiwa chini ya C:\ ni Authenticated Users wakiwa na M, yaani kubadilisha. Programu iliyoinstoliwa C:\MfumoWangu bila kurekebishiwa ruhusa, yuza yeyote anaweza kuibadilisha jina huduma.exe na kuweka yake yenye jina lile lile. Hata kama inakimbia muda huo, Windows inakataa kuifuta lakini inakubali kuibadilisha jina. Hapo weka nukuu kumi, hazisaidii kitu. Hii ndo sababu nakataa wazo la mwenzako la skripti moja na kufunga tiketi. Sio kwamba skripti ni mbaya, ila itafuta rangi nyekundu kwenye ripoti na kuacha mlango.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Jina la kampuni silitaji, niliitwa kuangalia seva ya mfumo wa mahesabu baada ya mtu asiyejulikana kuonekana na nguvu za admini. Ripoti ya skana ilikuwa safi, nukuu zote zipo, mwezi uliotangulia walikuwa wamezirekebisha na wana ushahidi. Nikaandika icacls kwenye folda ya mfumo, mstari wa kwanza kabisa: Everyone:(OI)(CI)(F). Kila mtu, kila kitu, mamlaka kamili. Nikauliza nani kaweka, wakanionyesha mwongozo wa kuinstoli waliopewa na waliouza mfumo, umeandikwa kwamba logi zisipoandikwa basi toa ruhusa zote kwa Everyone. Mtu alifuata mwongozo miaka kadhaa nyuma ili logi ziandikwe, logi zikaandikwa, na sevisi yenyewe inakimbia kama LocalSystem kutoka kwenye folda hiyo hiyo. Skana haikuwa na cha kusema kwa sababu njia ilikuwa na nukuu.

Kwa hiyo unapokagua, pitia njia nzima ngazi kwa ngazi. Anza kwa kutoa orodha, PowerShell inatosha:

Get-CimInstance Win32_Service | Where-Object { $_.PathName -notmatch '^"' -and $_.PathName -match '^(.+?\.exe)' -and $Matches[1] -match ' ' } | Select-Object Name, StartName, StartMode, State, PathName

Hiyo inakuletea zile zisizo na nukuu na zenye nafasi kabla ya .exe, na inaziacha zile kama svchost.exe -k ambazo nafasi yake iko kwenye maagizo, hizo hazina shida. Sevisi ambayo mstari wake haukuandikwa .exe itaponyoka hapo, kwa hiyo toa pia orodha kamili bila kichujio uipitie kwa macho, sevisi zisizo za Microsoft kwenye seva moja huwa sio nyingi kiasi hicho. Safu ya StartName usiiruke. LocalSystem ndo ya juu kabisa, ila usidharau LocalService na NetworkService, kwa kawaida zina haki inayoitwa SeImpersonatePrivilege (ya kujifanya akaunti nyingine) na kuna njia zinazojulikana za kutoka hapo kwenda SYSTEM. Na kama StartName ni akaunti ya domeni, hasa ikiwa kwenye kundi la maadmini wa domeni, acha kusoma hapa ukaishughulikie hiyo kwanza.

Kisha kwa kila njia, icacls kwa kila folda kuanzia mzizi hadi faili lenyewe. Unatafuta Users, Authenticated Users, Everyone, au kundi lolote la wafanyakazi, wakiwa na F (mamlaka kamili), M, W (kuandika), WD au AD. Kama seva ni nyingi, accesschk ya Sysinternals (zana za bure za Microsoft) inafupisha, kwa mfano accesschk.exe -uwdqs Users "D:\Mifumo Yetu" itakuonyesha folda ambazo kundi hilo linaweza kuandika. Umeshakagua folda? Bado kuna sevisi yenyewe kama kitu chenye ruhusa zake. Andika sc.exe sdshow JinaLaSevisi, utapata mstari wa herufi usiopendeza, tafuta DC kwenye mabano ya makundi ya kawaida, hayo huwa yanaishia na BU kwa Users, AU kwa Authenticated Users, WD kwa Everyone. DC ni ruhusa ya kubadilisha mpangilio wa sevisi, na mwenye nayo hahitaji nafasi wala folda wala nini, anaielekeza sevisi kwenye programu yake basi. Ufunguo wa sevisi kwenye rejista nao ukague kwa jicho hilo hilo, manake anayeweza kuandika ImagePath amefika mahali pale pale.

(Ukiwa kwenye PowerShell ya zamani ukaandika sc bila .exe, haiiti programu ya sevisi, inaita Set-Content, na unaweza kujikuta umeunda faili linaloitwa qc au sdshow bila kujua. Andika sc.exe kila wakati.)

Bado kuna vitu ambavyo programu inavisoma ikishawaka, DLL (vipande vya programu inavyovipakia) na mafaili ya mipangilio. Hapa kuna mifano ambayo ningependa umwonyeshe bosi kwa sababu inagusa programu za seva ambazo watu wanaziamini, na kwa haki. Mwaka 2019 ilitolewa CVE-2019-1552 ya OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano): zile zilizojengwa kwa mingw (zana za kujengea programu) kwa ajili ya Windows zilikuwa zinatafuta mipangilio yake chini ya C:\usr\local, njia ya kiLinux ambayo kwenye Windows kwa kawaida haipo. Haipo, na tumeona juu kwamba yuza wa kawaida anaweza kuunda folda kwenye mzizi wa C:\. Anaunda usr, ndani local, ndani anaweka mipangilio inayosema pakia moduli hii, na programu yoyote yenye nguvu inayotumia OpenSSL hiyo inaipakia. Mwaka huo huo PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata) wakarekebisha CVE-2019-10211, kisakinishi cha Windows kilikuwa na OpenSSL inayosoma kutoka kwenye folda isiyolindwa, na miezi michache kabla walikuwa na CVE-2019-10128, ambapo kisakinishi hakikubana ruhusa za folda za programu na za data. Mwaka 2020 XAMPP (furushi la seva ya tovuti) nayo ikapata CVE-2020-11107, yuza wa kawaida aliweza kubadilisha xampp-control.ini ili admini akibonyeza kitufe kwenye paneli iendeshwe programu aliyoiweka yule yuza. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingeonekana kwenye ripoti ya njia zisizo na nukuu, ila zote ukizitazama zinauliza swali lile lile la nani anaweza kuandika pale.

Marekebisho. Hofu yako ya kuua sevisi ina msingi, na naijua inavyotokea. Skripti nyingi zinachukua ImagePath nzima na kuifunga na nukuu, pamoja na maagizo yake, halafu Windows inatafuta faili ambalo jina lake ni njia pamoja na maagizo, halipo, sevisi inakataa kuwaka. Mbaya ni kwamba haitakataa leo, mabadiliko yanasomwa sevisi ikiwaka tena, kwa hiyo utagundua usiku wa viraka wakati seva tisa zinawashwa kwa pamoja. Nukuu zinafunga njia hadi .exe tu, maagizo yanabaki nje. Kwanza hifadhi ufunguo kwa reg export, halafu kwenye kidirisha cha amri cha kawaida, sio PowerShell kwa sababu nukuu za ndani zinaivuruga:

sc.exe config AjentiBakapu binPath= "\"D:\Mifumo Yetu\Ajenti wa Bakapu\huduma.exe\" -bandari 9100"

Ile nafasi baada ya binPath= iandike kama ilivyo. Kisha sc.exe qc AjentiBakapu, soma kwa macho kwamba nukuu ziko panapotakiwa, zima sevisi, iwashe, hakikisha kazi yake inafanyika kweli, sio tu kwamba imeandikwa Running. Ndo uende ya pili. Sevisi 14 ni kazi ya mchana mmoja ukiwa umepanga muda na wenye mifumo. Wanaopendelea kubadilisha rejista moja kwa moja waangalie kitu kimoja, ImagePath kwa kawaida ni aina ya REG_EXPAND_SZ, na reg add usipoitajia aina inaandika REG_SZ, na kama njia ilikuwa na %ProgramFiles% ndani yake haitafunguliwa tena.

Kwa ruhusa za folda, kata urithi lakini nakili kilichokuwepo, kisha punguza:

icacls "D:\Mifumo Yetu" /inheritance:d
icacls "D:\Mifumo Yetu" /remove:g "BUILTIN\Users"
icacls "D:\Mifumo Yetu" /grant "BUILTIN\Users:(OI)(CI)RX"

Kama programu inahitaji kuandika logi, iundie folda yake ya logi peke yake, na ruhusa ya kuandika uipe akaunti ya sevisi tu, sio Everyone, hata mwongozo ukisema. Kagua pia wamiliki wa mafaili yaliyopo kwa dir /q, kwa sababu mwenye faili anaweza kujirudishia ruhusa hata ukimwondoa, na faili la exe ndani ya folda ya mfumo linalomilikiwa na yuza wa kawaida ni jambo la kuulizwa siku hiyo hiyo. Na ukipata nafasi ya kuzungumza na wenye mfumo, waulize kama sevisi inahitaji kweli LocalSystem. Tangu Windows Server 2008 R2 kuna akaunti pepe za sevisi, NT SERVICE\ ikifuatiwa na jina la sevisi, hazina paswedi ya kutunza na hazina nguvu za mashine nzima, na tangu Server 2012 kuna gMSA (akaunti za sevisi ambazo paswedi zake zinatunzwa na domeni) kwa zile zinazohitaji kuongea na domeni. Nyingi zinafanya kazi vizuri humo, hakuna aliyejaribu tu.

Mkiwa na seva za Linux pia, systemd (inayowasha sevisi huko) haina ukisiaji huu wa nafasi kwa hiyo hutapata ripoti ya nukuu, lakini ugonjwa upo. Mtu anaweka programu kwenye /opt, anafanya chown -R kwa akaunti ya programu ili mambo yaende, halafu faili la uniti (linaloieleza sevisi kwa systemd) halina User= kwa hiyo root, mwenye nguvu zote, ndo anaendesha skripti ambayo akaunti ya tovuti inaweza kuiandika upya. namei -l ikifuatiwa na njia ya kwenye ExecStart inakuonyesha mmiliki wa kila ngazi kwa mara moja, naipenda sana hiyo amri. Na sio programu za mtaani tu, mwaka 2016 paketi ya nginx ya Debian ilipata CVE-2016-1247 kwa sababu folda ya logi ilikuwa ya www-data, akaunti ya seva ya tovuti, na kutoka hapo mtu aliweza kufika root.

Mwisho kabla hujagusa chochote, na hii ndo ningeifanya kesho asubuhi kabla ya nukuu hata moja: angalia kama kuna aliyetangulia. Kwa kila njia kati ya zile 14, andika majina ambayo Windows ingeyakisia, kama Mifumo.exe na Ajenti.exe kwenye mfano wetu, uyatafute. Fungua logi ya System utafute tukio namba 7009 na 7000 kwa sevisi hizo. Programu iliyopandikizwa kihuni kwa kawaida sio sevisi, haijui kumjibu msimamizi wa sevisi, kwa hiyo baada ya milisekunde 30000 anaikatia tamaa na kuandika kwamba haikujibu kwa wakati, lile kosa la 1053 ambalo wengi wetu tukiliona tunawasha upya na kuendelea na kazi. Sekunde 30 zinatosha kabisa kuunda akaunti ya admini. Kwa hiyo angalia tarehe za hayo makosa, zilinganishe na lini akaunti za maadmini ziliundwa, na tukio 7045 linaloonyesha sevisi mpya iliyoinstoliwa. Ukikuta faili kama hilo usilifute kwa hasira, chukua heshi yake (alama ya kipekee ya kulitambua faili), nakala yake, mmiliki wake na muda lilipoundwa, itoe seva kwenye mtandao, halafu mwite bosi aje aangalie kwenye skrini yako.